Petroli 87, 91, 95: jinsi ya kulinganisha okteni za nchi mbalimbali na kujua gari lako linataka ipi, kwa madereva wa Arusha na Moshi

Swali hili naletewa kila wiki kwa sura tofauti. Mmoja ana Mark X aliyoagiza Japani, jirani kamwambia inataka "mafuta ya namba kubwa". Mwingine ana shemeji yake Texas anayejaza 87 na gari linaenda vizuri, basi anaona wanaojaza 93 Afrika Kusini wanachezea hela. Wa tatu kanunua chupa ya dawa ya kuongeza okteni akaimwaga yote kwenye tenki la Vitz, na gari halijabadilika chochote.

Wote wamekosea mahali pamoja. Wamelinganisha namba zilizopimwa kwa mizani tofauti, kisha wakadhani namba hiyo ndiyo ubora wa petroli. Okteni siyo nguvu wala usafi. Ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mgandamizo ndani ya silinda bila kujilipukia kabla moto wa plagi haujaifikia.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zilizobaki hazitakusaidia.

## Vitu vya kuandaa

- Kitabu cha gari, au angalau tochi ya kusomea stika iliyo ndani ya mfuniko wa tenki
- Karatasi na kalamu
- Chupa mbili za kioo angavu zenye mifuniko inayobana, nusu lita kila moja
- Karatasi nyeupe za kuchujia. Karatasi za kuchujia kahawa zinatosha
- Mafuta ya taa kidogo, kijiko kimoja tu
- Haidromita ya petroli (kifaa cha kupimia uzito wa kimiminika) na kipimajoto, ukivipata
- Kifaa kidogo cha OBD2, kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu kwa Bluetooth, kama gari lako linakikubali
- Risiti za mafuta za mwezi mzima

Petroli inawaka kwa mvuke wake, haisubiri uiguse na kiberiti. Majaribio ya chupa fanyia nje, mbali na jiko, sigara na watoto. Usinyonye petroli kwa mdomo ili kuitoa kwenye tenki. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.

## Hatua ya 1: Soma gari kwanza, pampu baadaye

Fungua mfuniko wa tenki usome stika. Gari la Ulaya litakuwa na maneno kama "95 RON" au "95 ROZ". RON ni mmoja wa mizani ya okteni, tutaueleza kwenye Hatua ya 2. ROZ ni RON ileile kwa Kijerumani. Gari lililotengenezwa kwa soko la Marekani litasema "87" au "91", na mara nyingi pembeni kuna (R+M)/2. Usiruke alama hiyo, tutaihitaji.

Magari mengi ya kwetu yametoka Japani na stika zake ni za Kijapani, na hapo ndipo watu wanapopotea. Angalia maandishi haya:

- レギュラー ni petroli ya kawaida. Kiwango cha Japani kinadai RON angalau 89.
- ハイオク au プレミアム ni petroli ya juu. Kiwango kinadai RON angalau 96.
- 無鉛 maana yake ni "bila risasi" tu.

Hiyo ya tatu ndiyo mtego. Alama za 無鉛 zipo kwenye stika za aina zote mbili, tena mara nyingi ndizo zinazoanza. Nimeona kijana kapiga picha 無鉛 kwenye gari lake na kwenye gari la rafiki yake, akahitimisha kwamba yote mawili yanataka petroli ya juu. Wewe tafuta herufi inayofuata. ハ ina mistari miwili iliyoegemeana kama paa ambalo halijakutana juu. プ ya プレミアム ina kiduara kidogo juu kulia, na レ iliyo baada yake isikuchanganye. レ inafanana na alama ya vema ambayo mwalimu anaweka kwenye daftari.

Usiende kwa jina la gari. Mark X ya injini ya 2.5 ya toleo la kwanza, GRX120, inataka petroli ya juu. Toleo lililofuata, GRX130, lenye 2.5 linakubali ya kawaida, lakini la 3.5 linarudi kwenye ya juu. Jina ni moja na umbo linakaribiana, ila mahitaji ni tofauti. Forester za turbo za miaka ya 2002 hadi 2012 zinataka ya juu, zisizo na turbo ni za kawaida. Vitz, IST na Passo za kawaida hazina haja ya kubembelezwa.

Kama stika imebanduka au imepakwa rangi, tumia namba ya injini na ya chesisi kutafuta stika ya gari la aina hiyohiyo. Usiulize gereji peke yake. Fundi wako ni mtu mwema lakini kashika magari mia mbili, na la kwako analikumbuka kwa jina tu.

Umemaliza hatua hii ukiweza kuandika sentensi moja bila kusitasita: "Gari langu linataka RON angalau fulani." Kama namba uliyoipata ni ya Kimarekani, iandike hivyohivyo na uendelee.

## Hatua ya 2: Geuza namba zote ziwe za mzani mmoja

Hapa ndipo penye mkanganyiko wote, kwa hiyo nenda taratibu.

Petroli hupimwa kwenye injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa. Inalinganishwa na mchanganyiko wa vimiminika viwili: aisooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ikigonga, yaani ikijilipukia kabla ya wakati, sawa na mchanganyiko wenye aisooktani asilimia 95, basi hiyo ni petroli ya 95.

Lakini kipimo hicho kina namna mbili. Ya kwanza inaendesha injini taratibu, mizunguko 600 kwa dakika. Namba yake inaitwa RON. Ya pili inaibana zaidi: mizunguko 900, na mchanganyiko wa hewa na petroli umepashwa hadi karibu nyuzi 149. Namba yake ni MON. Petroli ileile itapata MON ndogo kuliko RON, kwa kawaida tofauti ya 8 hadi 10.

Ulaya, Japani, Australia na Afrika huandika RON. Marekani na Kanada huchukua RON na MON, wanajumlisha na kugawa kwa mbili. Hiyo ndiyo AKI, na ndiyo maana ya (R+M)/2.

Chukua petroli ya kawaida ya Ulaya. Kiwango chake kinadai RON 95 na MON 85. Jumlisha upate 180, gawa kwa mbili, unapata 90. Petroli hiyohiyo ingeuzwa Marekani pampu ingeandikwa 90, na hakuna tone lililobadilika.

Kanuni ya kutumia barabarani: namba ya Marekani, ongeza 4 au 5 upate RON.

- 85 ya Marekani, inayouzwa milimani kama Denver: RON 89 hadi 90
- 87: RON 91 hadi 92
- 91: RON 95 hadi 96
- 93: RON 97 hadi 98

Nchi nyingine tayari ziko kwenye RON. Australia wana 91, 95 na 98. Ujerumani 95 na 98. Uingereza petroli ya kawaida ni 95, ya juu ni 97 na kuendelea. Afrika Kusini wana 93 na 95.

Sasa mrudie yule shemeji wa Texas. 87 yake ni RON 91 au 92. Iko chini ya 93 ya Johannesburg kwa namba moja au mbili tu, si sita. Na 93 ya Texas iko juu ya 93 ya Johannesburg kwa namba nne au tano. Ukimwagizia mtu gari kutoka Marekani lenye stika ya "91", usimwambie petroli ya RON 91 inatosha. Linataka 95 au 96.

Ugeuzaji huu ni wa kukadiria, kwa sababu pengo la RON na MON hutofautiana kati ya petroli na petroli. Ukiwa mpakani mwa namba mbili, chagua ya juu.

## Hatua ya 3: Hesabu mwinuko, lakini usiutegemee

Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Tanga. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, inagandamiza kidogo, basi haidai okteni kubwa kama ingekuwa pwani. Ndiyo sababu Denver wanauza 85, na ndiyo sababu 93 imezoeleka nyanda za juu za Afrika Kusini huku pwani ikiwa 95. Moshi iko chini zaidi kuliko Arusha, na nafuu hiyo inapungua.

Turbo inaondoa nafuu hiyo karibu yote, maana kazi yake ni kusukuma hewa ndani hadi ifike shinikizo lililopangwa.

Tena tenki uliloanza nalo safari Arusha ndilo utakaloteremka nalo. Asubuhi uko Usa River na sweta, saa nane mchana uko Korogwe, abiria watano na mizigo, kiyoyozi kinavuma. Gari ambalo halijawahi kugonga mjini linaweza kuanza kugonga huko. Kama unateremka pwani mara kwa mara, hesabu kama mtu wa pwani.

## Hatua ya 4: Pima usafi peke yake

Petroli inaweza kuwa na RON 95 ikatoka na maji. Inaweza kuwa na RON 91 ikawa safi kama ya maabara. Ulaya petroli hairuhusiwi kuzidi miligramu 10 za salfa kwa kilo tangu 2009, na Japani nao wako kwenye 10. Salfa haibadilishi namba ya okteni kwenye pampu, ila inachosha kisafisha moshi kilichopo kwenye eksozi. Kwa hiyo mtu akisema "petroli ya nchi fulani ni bora", muulize: kwa okteni, kwa salfa, au kwa usafi?

Maabara ya salfa huna. Maji na uchakachuaji unaweza kuvipima mwenyewe.

Maji. Jaza chupa ya kioo, funga, iache kivulini bila kuitikisa usiku mzima. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajikusanya chini kama jicho angavu lenye ukingo. Petroli njema inabaki angavu juu mpaka chini, bila ukungu wala vumbi.

Karatasi. Dondosha matone matatu ya petroli kwenye karatasi ya kuchujia. Kwenye karatasi ya pili dondosha petroli hiyohiyo uliyochanganya na mafuta ya taa, vijiko tisa kwa kimoja. Hii ya pili ndiyo shahidi wako. Bila hiyo utabaki kubahatisha. Zianike kivulini dakika tano, kisha zinyanyue uzitazame kwenye mwanga.

Jaribio hili nililifanya na kijana mmoja wa bodaboda pale Unga Limited, juu ya boneti la gari lililokuwa linasubiri fundi. Petroli yake alinunua kwenye chupa kandokando ya barabara. Karatasi ya petroli ya kituoni ilikauka ikabaki kama haijaguswa. Ya chupa yake ilibaki na duara la kung'aa, ukubwa wa sarafu, ukipitisha kidole linateleza. Ilifanana kabisa na ile ya mafuta ya taa. Akaikunja karatasi akaiweka mfukoni, akaniambia, "Kaka, hii nampelekea anayeniuzia."

Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, kwa hiyo hata kiasi kidogo kinashusha petroli nzuri. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuchakachua kusilipe, na mafuta yanayouzwa nchini huwekwa vinasaba ili wakaguzi watambue yaliyochezewa. Hata hivyo petroli ya chupa haina wa kuikagua ila wewe.

Karatasi haipimi okteni. Petroli inaweza kukauka bila doa na bado namba yake ikawa ndogo kuliko unayoitaka.

## Hatua ya 5: Uzito, kwa wenye haidromita

Kwenye nyuzi 15 petroli ya kiwango cha Ulaya huwa kati ya kilo 0.720 na 0.775 kwa lita. Asubuhi za Julai hapa Arusha hewa yenyewe inakaribia nyuzi 15, kwa hiyo acha chupa nje usiku na upime alfajiri. Moshi ni joto zaidi. Huko ongeza 0.0009 kwa kila nyuzi iliyozidi 15. Ukisoma 0.738 kwenye nyuzi 27, umezidi kwa 12, unaongeza karibu 0.011, unapata 0.749.

Kipimo kimoja pekee hakikuambii kitu. Pima petroli ya kituo unachokiamini mara tatu kwa nyakati tofauti, uandike, halafu linganisha. Mafuta ya taa asilimia 20 yanapandisha uzito kwa kama 0.010. Asilimia 5 hutaiona.

## Hatua ya 6: Jaribio la mlima

Pampu isipokuwa na namba, usikisie. Injini yenyewe ndiyo itakayokujibu.

Tafuta mlima mrefu unaoufahamu. Watu wa Moshi wana barabara ya Himo kwenda Marangu. Wa Arusha, kama unaenda Karatu, kile kipande cha kupanda kutoka Mto wa Mbu kinatosha kabisa. Injini iwe imepata moto, kiyoyozi kimewashwa, watu wawili au watatu ndani. Panda kwa gia kubwa kidogo kuliko ungependa, mizunguko kati ya 1,500 na 2,500, mguu nusu ya pedali. Zima redio, fungua dirisha upande wenye ukuta wa mlima ili sauti irudi.

Unachosikiliza ni mlio mkavu wa haraka, kama punje za mahindi zinazotikiswa ndani ya debe. Unakuja ukikanyaga, unapotea ukiachia. Huko ndiko kugonga. Mlio wa chini ulio mzito na usiobadilika ukiachia mguu una sababu nyingine, mpelekee fundi.

Magari ya kisasa yana sensa inayosikia kugonga kabla yako na kuchelewesha moto wa plagi. Hutasikia kitu, ila gari litakuwa zito na litakula mafuta. Hapo ndipo OBD2 inakusaidia. Fungua ukurasa wa "timing advance", yaani plagi inawasha moto mapema kiasi gani, uandike namba kwenye mlima uleule, kasi ileile, na petroli ya vituo viwili tofauti, kila moja baada ya tenki kukaribia kuisha. Petroli yenye okteni ndogo kuliko mahitaji itaonyesha namba inayoporomoka kila ukikanyaga. Inayotosha itabaki imetulia.

Gari likigonga kwa nguvu, acha jaribio hapohapo, punguza gia, legeza mguu. Nimeona plagi ya Forester ya turbo iliyokuwa imejazwa petroli isiyoifaa kwa miezi: kaure yake nyeupe ilikuwa na vidoa vyeusi vidogovidogo kama pilipili manga, na pistoni moja imemeguka ukingo. Mwenye gari alikuwa anausikia mlio huo, akadhani ni ngao ya eksozi.

Kabla ya kuilaumu petroli, hakikisha plagi ni za namba sahihi, maji ya rejeta yapo na injini haina masizi mengi. Injini inayochemka inagonga hata kwa 98.

## Hatua ya 7: Amua, kisha hesabu

Kama gari linataka RON 90 na halijagonga, umemaliza. Petroli ya juu haitaliongezea nguvu injini isiyoijua. Pesa hiyo nunua plagi nzuri na chujio la hewa.

Kama linataka 96 na petroli unayopata haifiki, usiendeshe kwa kulilazimisha: epuka kukanyaga sana kwenye mizunguko ya chini, usipakie kupita kiasi, na jaza kituo ambacho jaribio la mlima limekuonyesha ni bora. Kwa turbo iliyoongezwa nguvu na fundi, irudishwe kwenye mpangilio wa kiwandani.

Dawa za chupa zisome vizuri. Zinaposema "points 30", kwa kawaida point kumi ni namba moja ya okteni, kwa hiyo umepewa tatu, siyo thelathini. Nyingine zina manganizi au chuma, na plagi zako zitabadilika rangi kuwa nyekundu kama udongo wa Kibosho. Mimi sizitumii.

Ulaji wa mafuta upime fulu kwa fulu: pampu ileile, ikikata mara ya kwanza usiongeze. Umetembea kilomita 412, umejaza lita 34.6, hiyo ni kilomita 11.9 kwa lita. Tenki linalofuata 398 kwa lita 34.9, hiyo ni 11.4. Tofauti ya asilimia 4 inaletwa hata na foleni. Chukua matenki matatu kila upande kabla ya kusema neno.

## Hatua ya 8: Ukivuka mpaka, au ukitaka kulalamika

Ukishuka kusini mpaka Malawi au Zimbabwe utakuta petroli iliyochanganywa na ethanoli, na Uingereza ya kawaida ni E10, yaani ethanoli hadi asilimia 10. Ethanoli inapandisha okteni lakini ina nishati pungufu kwa karibu theluthi kwa kila lita, na inakamata maji. Gari la zamani lenye mipira ya zamani litaanza kuvuja. Soma stika kama inakubali E10 kabla hujajaza fulu.

Hapa nyumbani, daima chukua risiti ya mashine inayoonyesha kituo, aina ya mafuta, lita na bei. Bei kikomo za EWURA hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, na unaweza kuziangalia kwa kupiga *152*00#. Lita zisipotimia ni suala la Wakala wa Vipimo, okteni haihusiki hapo.

Ukishuku petroli ya kituo, usimgombeze mhudumu wa pampu, yeye hakuileta. Jaza chupa yako ya kioo palepale, uiandike tarehe, saa na namba ya pampu, uifunge na kuiweka kivulini, wima, nje ya nyumba. Kisha nenda EWURA na risiti yako. Chupa iliyochukuliwa siku hiyohiyo inawapa pa kuanzia. Ukija baada ya wiki mbili na tenki ulilokwisha kulichanganya mara tatu, hawatakuwa na cha kupima.